Theluji Yetu ni Tope: Kwa Nini Dodoma Tunamtafuta Mkandarasi Maji Yakiwa Yameshaingia Ndani?

Leo nataka tuongelee kitu ambacho ukikisikia haraka haraka utasema hakituhusu kabisa sisi watu wa Dodoma: kumwajiri mkandarasi wa kuondoa theluji na barafu. Najua kuna mtu hapo kwenye kompyuta ya pembeni ameshaanza kucheka. Theluji gani tena kwenye mji ambao Oktoba vumbi linaingia mpaka kwenye kikombe cha chai? Subiri kidogo mshikaji, usifunge ukurasa, hela yako ya kafe haitaenda bure.

Hoja yangu ni hii. Wenzetu wa nchi za baridi wana balaa linalokuja kila mwaka, kwenye miezi inayojulikana, na linafunga barabara. Sisi huku uwanda wa kati nasi tunalo letu, linakuja kila mwaka, kwenye miezi inayojulikana, na linafunga barabara. Lao linaitwa theluji, letu linaitwa tope na mchanga. Tofauti kubwa haiko kwenye utajiri kama tunavyopenda kujifariji, iko kwenye tarehe. Wao wanamwajiri mkandarasi kabla msimu haujaanza. Sisi tunamtafuta maji yakiwa yameshafika sebuleni. Na mtu unayemtafuta maji yakiwa sebuleni anakupangia bei anayotaka, na kazi yake huipimi.

WENZETU WANAFANYAJE

Chukua jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani. Nimelichagua kwa sababu limejaa ndugu zetu wa Afrika Mashariki, Wasomali wengi sana na Wakenya pia, kwa hiyo hizi si habari za Wazungu peke yao. Kule sheria ya jiji inasema hivi: theluji ikishaacha kuanguka, mwenye nyumba ya familia moja au mbili ana saa 24 kusafisha njia ya waenda kwa miguu mbele ya nyumba yake. Mwenye apatimenti au biashara yeye ana saa 4 tu za mchana. Ukilala, jiji linakuonya, halafu linaleta watu wake wanasafisha na bili inakuja kwako.

Sasa fikiria wewe una duka na una saa 4. Utaanza kutafuta namba ya simu ya mtu mwenye gari la kusukuma theluji asubuhi hiyo, wakati mji mzima unamtafuta huyo huyo? Haiwezekani. Ndo maana wenye maduka, hospitali, makanisa, misikiti na shule wanasaini mkataba mapema, kabla baridi haijaingia. Na mikataba hiyo ina vitu ambavyo ningependa kila mwenyekiti wa mtaa hapa Dodoma avisome.

Cha kwanza ni aina ya malipo. Kuna bei ya msimu mzima: unalipa kiasi kimoja, theluji ianguke mara tano au mara ishirini, shauri lake mkandarasi. Kuna bei ya kila safari: akija analipwa, asipokuja halipwi. Ukichukua ya kwanza, hatari ya msimu mbaya anaibeba mkandarasi. Ukichukua ya pili, unaibeba mwenyewe. Wengine wanachanganya: kiasi cha chini cha kuwa tayari, halafu kinachobaki kwa kila safari.

Cha pili ni kina cha kuanzia kazi. Mkataba unaandika kabisa kwamba theluji ikifika kina fulani, mara nyingi inchi 2, yaani karibu sentimita 5, mkandarasi anatakiwa atoke bila kupigiwa simu. Hakuna habari ya kubembelezana.

Cha tatu ni muda: kazi ikamilike ndani ya saa ngapi. Cha nne ni mahali pa kupeleka theluji yenyewe, maana ukiisukuma ikarundikana mlangoni kwa jirani au ikaziba njia ya maji, hujaondoa tatizo, umelihamisha. Cha tano ni bima, kwa sababu mtu akiteleza kwenye barafu akavunjika mguu, swali la kwanza mahakamani ni nani alipaswa kusafisha hapo na alikuwa na mkataba unaosemaje.

Mambo matano tu: malipo, kipimo, muda, mahali pa kutupa, na nani anabeba lawama. Hakuna hata moja linalohitaji teknolojia ya kutisha. Ni karatasi na kalamu.

SASA TURUDI KWETU

Wazee wa Kigogo wanasimulia kwamba jina la mji huu limetokana na neno la kwao lenye maana ya kuzama, eti tembo alikwama kwenye tope la kijito akadidimia. Yaani mji unaitwa kwa jina la tope, makao makuu yaliamuliwa kuhamishiwa hapa tangu 1973, ukawa jiji 26 Aprili 2018, na mpaka leo tope likija tunashangaa kana kwamba ni mgeni!

Tuangalie kalenda. Dodoma tunapata mvua ya wastani wa milimita 550 mpaka 600 kwa mwaka, na karibu zote zinaanguka kati ya mwisho wa Novemba na Aprili. Baada ya hapo ni kiangazi mpaka mwisho wa mwaka. Kwa hiyo sisi si kama Bukoba ambako mvua inaweza kukukuta mwezi wowote. Sisi tuna msimu mmoja, na tarehe zake hata mtoto wa darasa la tatu anazijua. Zaidi ya hapo, Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa mvua za msimu kwa mikoa yetu ya msimu mmoja kila mwaka kwenye Oktoba, kabla hata tone la kwanza halijadondoka.

Sasa weka kalenda ya serikali pembeni yake. Bunge linakaa hapa hapa Dodoma kuanzia Aprili mpaka Juni kupitisha bajeti. Mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Kutoka 1 Julai mpaka mwisho wa Oktoba ni miezi 4 mikavu kabisa. Mitaro inaonekana, makalavati unaweza kuyachungulia upande mpaka upande, kijiko kinaingia popote bila kukwama, udongo ni mkavu hivyo ni mwepesi kubeba. Ukiwaambia watu wa Minneapolis kwamba sisi tunapewa miezi 4 ya maandalizi kila mwaka, watatuonea wivu.

Lakini mnajua wenyewe inavyokwenda. Miezi hiyo ni ya mchakato. Mchakato ukiisha, Desemba imeingia. Kijiko kinaonekana mtaani siku maji yameshapita juu ya barabara, kiongozi amesimama na mabuti ya mpira, na neno linalotumika ni "dharura". Hapo ndipo pa kushika, wadau. Dharura ni kitu usichokitarajia. Matope yaliyoporomoka kutoka mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023 yakaifunika Katesh na kuua watu zaidi ya 80, hiyo ni dharura, na pale jeshi na mitambo ya taasisi mbalimbali ilipelekwa, hakuna mwenye akili atakayeuliza kwa nini haikutangazwa zabuni kwanza. Lakini mtaro ule ule, kwenye kona ile ile, unaoziba kila Januari, huo ni ratiba. Ukiuita dharura unafungua mlango wa njia ya mkato kwenye manunuzi, na njia ya mkato ndiyo mahali pazuri pa kuficha bei.

MTARO NI WA NANI?

Huko Minneapolis jibu ni jepesi, mbele ya nyumba yako ni wewe. Hapa jaribu kuuliza. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Barabara za mijini na vijijini ni za TARURA, iliyoanza 2017. Takataka ni za halmashauri ya jiji. Viwanja na mipango miji zamani vilikuwa vya CDA, iliyoundwa 1973 na kuvunjwa Mei 2017, majukumu yake yakahamia kwenye halmashauri. Maji taka ni DUWASA, na wananchi wengi wakiona maji yoyote machafu wanawapigia simu hao hao hata kama ni ya mvua.

Kwa hiyo kwenye makutano mamoja ya barabara unaweza kukuta mtaro unaanzia kwa huyu, unapita kwa kalavati la yule, unaishia kwenye korongo ambalo halina mwenyewe. Huyu akisafisha kipande chake na mwenzake asisafishe, tope linakaa pale pale. Mkandarasi aliyepewa mita 200 za katikati atakwambia kazi ameimaliza, na kweli ameimaliza, ila maji hayana pa kwenda.

Ndiyo maana mimi nasema jambo la kwanza kabla ya kutafuta mkandarasi ni ramani. Karatasi moja inayoonyesha maji ya mtaa yanatoka wapi, yanapita wapi, yanaishia wapi, na kila kipande ni cha nani. Mtendaji wa mtaa na vijana wawili wenye simu wanaweza kuichora siku moja. Bila karatasi hiyo, kila ofisi itakuelekeza kwa jirani yake na utazungushwa mpaka mvua ziishe.

TOPE LINATOKA WAPI

Kuna wanaosema tatizo ni chupa za plastiki. Ni kweli zinachangia, hata baada ya mifuko ya plastiki kupigwa marufuku 1 Juni 2019 chupa bado zipo. Lakini toa takataka zote kwenye mtaro wa Dodoma, utakuta chini yake mchanga. Huu ndio mwenyeji wetu halisi. Udongo wa huku ni mwepesi, kiangazi ardhi inabaki wazi, mvua ya kwanza inakuja kwa kishindo, na mchanga unasafiri.

Si habari mpya hii. Wanasayansi wa Kiswidi wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipima mabwawa ya Dodoma kama Matumbulu na Ikowa, wakachapisha matokeo 1972, na walichoonyesha ni kwamba mabwawa hayo yanajaa mchanga kwa kasi kiasi kwamba umri wake ni miongo michache tu. Mwaka 1973 ukaanzishwa mradi wa HADO, Hifadhi Ardhi Dodoma, kwa msaada wa Sweden, na kule Kondoa hali ilikuwa mbaya mpaka mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye maeneo yaliyoliwa na mmomonyoko. Kwa hiyo zaidi ya miaka 50 tunajua kwamba kila mvua inashusha mchanga. Anayejenga mtaro hapa bila kupanga nani atautoa huo mchanga kila mwaka, amejenga sanduku la kuhifadhia mchanga.

Reli nayo inatupa somo. Mwishoni mwa Desemba 2009 na mwanzoni mwa Januari 2010 mafuriko yaliharibu vibaya reli ya kati kati ya Kilosa na Gulwe, treni zikasimama kwa miezi. Reli ile ilifika Kigoma 1914, na kipande hicho cha bonde ni kile kile ambacho maji yamekuwa yakikisumbua mara kwa mara. Halafu bei ya kufungua reli iliyobebwa na mto usiilinganishe na bei ya kutunza njia za maji kiangazi, ni mbingu na ardhi.

HESABU YA MTARO MMOJA

Tuache siasa tufanye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapopigwa changa la macho. Chukua mtaro wenye upana wa mita 1 na urefu wa mita 300. Mchanga umejaa mpaka sentimita 40. Zidisha: 1 mara 300 mara 0.4, unapata mita za ujazo 120. Udongo ukichimbwa unavimba, tuseme kwa robo, unakuwa 150. Tipa la kubeba mita za ujazo 6 litakwenda safari 25.

Sasa mkandarasi akikuletea bei, swali si "ni shilingi ngapi". Swali ni "hizi safari 25 zimo?" Kwa sababu kazi yenyewe ina sehemu mbili, kuchimba na kubeba. Kuchimba kunaonekana: kijiko kinanguruma, watu wanapiga picha, kiongozi anafurahi. Kubeba hakuonekani, na huko ndiko kwenye gharama ya mafuta. Mkandarasi mjanja anachimba halafu analirundika tope pembeni, kwenye ukingo wa mtaro. Anapiga picha ya mtaro safi, analipwa, anaondoka. Mvua ya kwanza inalirudisha lote ndani.

Mtaani kwetu yalitokea hayo hayo. Watu tulichangishana, akaletwa jamaa mwenye kijiko cha kukodi, bei ikawa ya maneno tu, hakuna karatasi. Siku moja akamaliza, tope akaliacha ukingoni, akasema tipa litakuja kesho. Kesho hiyo mpaka leo hatujaiona. Mvua mbili tu mtaro ukawa kama haukuguswa, na aliyepoteza zaidi ni mama mmoja muuza genge aliyechanga kama wenzake halafu meza yake ndiyo ikabebwa. Jamaa alipopigiwa simu akajibu kwamba alilipwa kuchimba, hakulipwa kubeba. Na kwa kuwa hapakuwa na mkataba, hakuna aliyeweza kumwambia anasema uongo.

UKITAKA KUMWAJIRI, ULIZA HAYA

Iwe ni mtaa, shule, msikiti, kanisa, gesti au mwenye yadi, orodha yangu ni hii.

Moja, je, amesajiliwa? Bodi ya Usajili wa Makandarasi, CRB, ilianzishwa kwa sheria ya 1997 na inawapanga makandarasi kwa aina na madaraja. Daraja la saba ndilo la chini, na kwa kazi ndogo ya mtaa huhitaji mtu wa daraja la kwanza. Ila jina liwepo kwenye orodha, na liwe lake, si la shemeji yake.

Mbili, kijiko na tipa ni vyake au anakodi? Akiwa anakodi si kosa, lakini aonyeshe makubaliano na mwenye mtambo. Wiki ya mvua kubwa kila mtu anataka kijiko, na asiye na uhakika wa mtambo atakuacha kwenye mataa.

Tatu, tope linakwenda wapi? Aandike mahali na idadi ya safari. Mahali hapo pawe pamekubaliwa na halmashauri, pasiwe korongo la jirani. Halafu tukumbuke mchanga wa huku ni mali, mafundi ujenzi wanaununua. Mchanga ukiwa safi, sehemu yake inaweza kuuzwa na bei ya kazi ikashuka. Nani anachukua hela ya mchanga huo? Iandikwe.

Nne, atakuja mara ngapi? Hapa ndipo tuige mkataba wa theluji moja kwa moja. Sehemu ya kwanza: usafishaji mkubwa ukamilike kabla ya 31 Oktoba. Sehemu ya pili: kuanzia Novemba mpaka Aprili, mchanga ukifika kipimo tulichokubaliana, mathalani sentimita 20, aje ndani ya saa 24 na alipwe kwa safari ya tipa. Paka rangi alama ya sentimita 20 kwenye ukuta wa mtaro, kila mtu aione. Hapo hata mtoto anaweza kupiga simu akasema "imefika kwenye mstari".

Tano, malipo yagawanywe. Kidogo cha kuanzia, kikubwa baada ya kupima, na sehemu ndogo, tuseme asilimia 10, ibaki mpaka Aprili mvua ziishe. Usimlipe mtu yote Oktoba kwa kazi ambayo mtihani wake ni Januari.

Sita, watu wake wako salama? Mtaro una chupa, misumari, nyaya na wakati mwingine nyoka. Sheria ya usalama mahali pa kazi ipo tangu 2003, na mwajiri anatakiwa kuchangia kwenye Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Kijana akikatika mguu kwenye mtaro wenu akiwa kapekua, hana buti wala glovu, na mkandarasi akiwa hana mchango WCF, mzigo utaishia kwa mama yake.

"HAYO NI YA ULAYA, HAPA HAIWEZEKANI"

Najua kuna watakaoandika hivyo hapo chini. Wacha niwajibu mapema.

Kwanza, hata huko kwa wenzetu si malaika. Montreal, Canada, ni moja ya majiji yanayotumia hela nyingi sana kuondoa theluji, na linatumia makandarasi binafsi. Mwaka 2015 mkaguzi mkuu wa jiji hilo alitoa ripoti akieleza dalili za makandarasi wa theluji kupangiana na kugawana maeneo ili bei zisishuke. Mnaona? Usanii hauna rangi ya ngozi. Lakini ulijulikana kwa sababu kulikuwa na mikataba ya kulinganisha: eneo hili bei hii, eneo lile bei ile, mwaka huu na mwaka jana. Kazi ya dharura isiyo na karatasi huwezi kuikagua hata uwe na mkaguzi mkali namna gani.

Pili, "hela hakuna". Hela ipo, tunailipa. Kila lita ya petroli au dizeli ina tozo ya barabara, na bodaboda anailipa sawa na mwenye V8. Hela hiyo inakwenda Mfuko wa Barabara kwa ajili ya matengenezo. Na hata zikiwa hazitoshi, hoja ya kalenda inabaki pale pale: hela ile ile ikitumika Septemba inachimba mchanga mkavu, ikitumika Januari inachimba uji, halafu inalipa tena kifusi cha kuziba barabara iliyobomoka.

Tatu, na hii ndiyo inayowahusu ninyi mnaosoma hapa mkiwa mmeshapeleka bahasha za kuomba kazi mpaka viatu vimeisha soli. Sheria ya manunuzi ya umma inazitaka taasisi kutenga asilimia 30 ya manunuzi yao kwa vikundi vya vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Sheria ya sasa ni ya 2023, na zabuni zinapita kwenye mfumo wa NeST, yaani huko huko kwenye intaneti mliko. Kusafisha mtaro kwa koleo, toroli na tipa la kukodi ni kazi inayoweza kufanywa na kikundi cha vijana waliosajiliwa, wakajifunza kupima na kuandika mchanganuo wa bei. Kuna mtu Minnesota anakoroga chumvi kwenye barafu saa kumi usiku, akituma hela nyumbani tunamwita bosi. Anayechimba mtaro Dodoma mchana kweupe, na mkataba mkononi, tumwiteje?

Lakini vijana nao wasiingie kichwa kichwa. Kikundi kikipewa kazi kwa upendeleo wa sheria halafu kikarundika tope ukingoni, kitakuwa kimefanya yale yale ya yule jamaa wa kijiko, na mwaka unaofuata kitasikia "si tuliwapa mkashindwa". Mkataba unambana mkandarasi mkubwa na unambana na kijana vile vile.

NINACHOPENDEKEZA

Mimi sina cheo chochote, ni mwananchi tu, lakini naomba kila mtaa ufanye mambo matatu kabla ya mwisho wa Oktoba. Mtendaji aitishe mkutano, ichorwe ramani ya maji na kila kipande kiandikwe mwenyewe. TANROADS, TARURA na jiji wapelekewe nakala na waulizwe swali moja kwa maandishi: kipande chenu kitasafishwa tarehe ngapi na mkandarasi nani? Halafu jibu libandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa, pamoja na kiasi cha tope kitakachotolewa na mahali litakakopelekwa. Tukishajua jina, tarehe na idadi ya safari, kila mmoja wetu anaweza kusimama kibarazani akahesabu matipa.

Haya, uwanja ni wenu. Wa Nkuhungu, Chang'ombe, Nzuguni, Kisasa, Ilazo, na ninyi wa Mpwapwa, Bahi na Singida: mtaro wa kwenu ulisafishwa lini mara ya mwisho, na tope lilipelekwa wapi? Na kama kuna mdau yuko huko kwenye theluji na amewahi kufanya hiyo kazi au kusaini mkataba wake, atuandikie hapo chini vipengele vilivyokuwemo, tuvitafsiri tuvipeleke kwenye mkutano wa mtaa.